Sarafu za fedha za Malkia Victoria: maswali yanayojirudia kuhusu mihuri na aina zake

Haya maswali nimeyajibu moja moja mpaka nimechoka, kwahiyo nimeyakusanya hapa yote. Nimeyapanga kuanzia ya mtu ambaye ndo kwanza kafungua kibweta cha marehemu babu yake, mpaka yale ya watu wanaobishana kuhusu kijidoti. Pale jibu lilipo kwenye swali jingine nimekuelekeza huko, usichoke kupanda na kushuka.

YA MWANZO

1. Aina ya mhuri ni nini hasa?

Sarafu hupigwa kwa kubanwa katikati ya vipande viwili vya chuma kigumu vilivyochongwa picha kinyumenyume, kimoja cha upande wa kichwa na kingine cha upande wa nyuma. Hicho kipande ndo nakiita mhuri. Mhuri mmoja unapiga sarafu maelfu kabla haujachoka, kiwanda kinahitaji mihuri mingi kwa mwaka mmoja, na mihuri hiyo haikufanana kabisa kabisa. Mmoja una 8 iliyokaa juu ya 6, mwingine una R mahali pa B, mwingine hauna herufi za mchongaji. Tofauti ya namna hiyo ndo aina ya mhuri.

Shika hili kabla hujaendelea: aina ni ya mhuri, sio ya sarafu yako. Kitu kikiwa kwenye mhuri kitatokea kwenye kila sarafu iliyopigwa na mhuri ule, mahali palepale, umbo lilelile. Kikiwa kwenye sarafu yako tu na hakuna mwenzake popote, basi aghalabu ni mkwaruzo, uchafu, au kuna mtu aliigonga na kitu. Nusu ya maswali ya chini yanaisha ukikumbuka hili tu.

2. Kwanini za Victoria zina mambo mengi hivi kuliko sarafu za siku hizi?

Mkono wa mtu. Royal Mint (kiwanda cha sarafu cha serikali ya Uingereza) ya wakati ule ilikuwa Tower Hill, London, na mashine zilikuwepo za kutosha tu, ila mwaka au tarakimu zake za mwisho mara nyingi ziligongwa kwenye mhuri kwa patasi ndogo, na fundi akishika vibaya au akichukua patasi ya herufi jirani basi imeshakuwa. Herufi ikichakaa kwenye mhuri waliigonga upya juu ya ile ya zamani. Na mwaka ukiisha kukiwa na mihuri bado mizima hawakuitupa, chuma na kazi ni hela, waligonga tarakimu mpya juu ya ya zamani wakaendelea. Humo ndo zimetoka hizi za namba juu ya namba (swali la 8).

Alafu utawala wenyewe mrefu, 1837 mpaka 1901. Miaka mingi, mafundi wengi, makosa mengi.

3. Malkia ana sura ngapi kwenye fedha?

Nne za kukumbuka. Ya msichana, nywele zimefungwa nyuma kwa utepe, kazi ya William Wyon, ilianza 1838 na ikaenda mpaka 1887. Ya Kigothi, amevaa taji na nguo ya nakshi, ya Wyon huyohuyo, ipo kwenye florini (shilingi mbili) na kwenye krauni (shilingi tano) za 1847 na 1853. Ya jubilei, kijitaji kidogo juu ya kichwa kama kitataka kudondoka (watu wa wakati ule walikicheka sana, na mi nawaelewa), kazi ya Joseph Edgar Boehm, 1887 hadi 1893. Na ya mwisho ya bibi mwenye shela, ya Thomas Brock, 1893 hadi 1901.

Miaka ya 1887 na 1893 sura zinapishana ndani ya mwaka mmoja, kwahiyo mwaka peke yake hautoshi, taja na sura. Peni sita ya 1893 yenye shela ni ya kawaida ila ya 1893 yenye sura ya jubilei ni adimu kwelikweli, na peni tatu ya 1893 hivohivo. Usiziache kwenye bakuli la sarafu mbovu kwa kusoma mwaka tu.

4. Kuna namba ndogo juu ya mwaka kwenye shilingi yangu. Ni nini?

Namba ya mhuri. Kati ya 1864 na 1879 mihuri ya shilingi, peni sita na florini iliwekewa namba. Kwenye shilingi na peni sita itafute upande wa nyuma, kati ya fundo la shada la majani na mwaka. Kwenye florini ya Kigothi ipo upande wa kichwa, chini ya kifungo cha nguo, na kwa sarafu iliyotembea sana unaweza usiione kabisa. Maelezo yanayokubalika ni kwamba walitaka kufuatilia mhuri upi unadumu kiasi gani.

Namba kuwepo sio uadimu, ndo kawaida ya miaka hiyo. Cha kushtua ni kukosekana pale inapotakiwa iwepo, mfano peni sita ya 1866 isiyo na namba. Ila hakikisha kwanza haijafutika kwa kuchakaa: sehemu ikiwa laini na shada la pembeni yake nalo limelainika, hiyo namba ilikuwepo ikaliwa.

5. Florini yangu haina mwaka, ni ya kosa?

Hapana bana. Mwaka upo ila umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi kwa herufi ndogo za Kigothi, mwishoni mwa maandishi upande wa kichwa. Mfano mdccclxvii ni 1867: m ni 1000, d ni 500, ccc ni 300, lx ni 60, vii ni 7. Florini za Kigothi zote kuanzia 1851 ziko hivo. Ya 1851 yenyewe (mdcccli) ni ndoto ya kila mkusanyaji, hazifiki 1,600 zilizopigwa, kwahiyo ukiisoma hivo rudia kusoma taratibu maana kawaida kuna herufi imefifia mwishoni.

KUANGALIA

6. Nahitaji vifaa gani?

Lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, mizani ya sonara inayosoma gramu mpaka nukta mbili, na taa moja ya mezani unayoweza kuisogeza. Basi. Lenzi ya mara 40 itakuonyesha vitu ambavyo havipo, nimeona watu wazima wakiandika kurasa mbili kuhusu vumbi.

Taa iweke chini pembeni, mwanga upite juu ya sarafu kama jua la saa kumi na moja jioni, vivuli ndo vitakuonyesha mabaki ya namba ya chini. Mwanga wa juu moja kwa moja na flashi ya simu vinaua kila kitu.

7. Nianzie wapi kuangalia?

Pima kwanza. Paundi moja ya troi (kipimo cha masonara) ya fedha ya 925, yani sehemu 925 kwa elfu, ilikatwa shilingi 66, ukigawanya shilingi moja ni gramu 5.65 hivi, na zingine zote zinafuata kwa uwiano: peni tatu 1.41, peni sita 2.83, florini 11.31, nusu krauni 14.14, dabo florini 22.62, krauni 28.28. Sarafu iliyochakaa itapungua kidogo. Ikizidi, jiulize maswali.

Alafu mwaka, tarakimu moja moja. Alafu herufi zote za mzunguko upande wa kichwa, alafu za nyuma. Alafu herufi za mchongaji kama WW (William Wyon) chini ya shingo. Mwisho ukingo, hasa kwa krauni (swali la 15).

Kuna njia moja wakongwe wanaitumia sana na wageni wanaidharau: herufi inaelekea wapi. Pembeni ya sarafu kuna vishanga au meno madogo yanayozunguka. Chagua herufi, tuseme I ya kwanza ya VICTORIA, piga mstari kwa macho kutoka kwenye mguu wake kwenda nje, je unagonga kishanga au unapita kati ya viwili? Michoro mama (ile ambayo mihuri hunakiliwa kutoka kwake) miwili tofauti inaweza kufanana kila kitu machoni lakini hapo itaachana. Sura nyingi za msichana kwenye shilingi na peni sita zimetenganishwa kwa njia hii, na uzuri wake haidanganywi na kuchakaa kirahisi maana hupimi urefu wa nywele, unapima mahali.

8. Nitajuaje ni namba juu ya namba kweli?

Mabaki ya namba ya chini lazima yawe yameinuka kutoka kwenye uso wa sarafu, kama namba yenyewe. Fikiria: fundi alichimba 6 kwenye mhuri, akachimba 8 juu yake, mhuri ukigonga fedha vyote viwili vinatoka juu. Ukiona alama imezama kwenye fedha, hiyo ni jeraha la baadaye.

La pili, mabaki yawe na umbo la tarakimu iliyo na maana. Kipande cha mkunjo ndani ya tundu la 8 kinachofuata mkunjo wa 6 sawa, ila kidonge tu hapo hakitoshi. Na la tatu, tafuta picha ya sarafu nyingine ya aina hiyo iliyothibitishwa, mabaki yawe mahali palepale.

Mi mwenyewe niliwahi kununua shilingi ya "1850 juu ya 49" kwa muuzaji ambaye simtaji, nikakaa nayo wiki naangalia 0 kwa furaha, kumbe ni mkwaruzo ulioingia ndani ya sifuri na kuzama. Ningezungusha taa dakika moja ningeokoa hela.

9. Nikigeuza sarafu upande wa nyuma unakuwa kichwa chini. Ni kosa?

Inategemea mwaka. Sarafu za kabla ya mabadiliko ya 1887 zilipigwa hivo makusudi: ukiishika kushoto na kulia ukaipindua juu iende chini, nyuma inatokea wima, ukiizungusha kama ukurasa wa kitabu inatokea kichwa chini. Kuanzia sura ya jubilei ikawa kama kitabu, pande zote wima. Kwahiyo ya 1845 kugeuka ni kawaida, ya 1897 kugeuka ndo ya kuuliza. Na mhuri ulioegemea kidogo pembeni, digrii chache, hutokea tu kwa kulegea, hauna jina.

SARAFU KWA SARAFU

10. Shilingi zipi za kutafuta?

1848 yenye 8 juu ya 6. 1850 yenye 50 juu ya 49, na hata 1850 ya kawaida ni ngumu. 1854 ni ngumu pia, na 1863 ipo yenye 3 juu ya 1. Kwenye shilingi za 1839 angalia kama WW ipo kwenye mkato wa shingo au haipo, maana zote mbili zipo.

Ile inayopita mikononi mwa watu bila kujulikana ni 1889. Shilingi za jubilei zilianza na kichwa kidogo 1887, na 1889 kikaletwa kikubwa, kwahiyo 1889 zipo mbili na yenye kichwa kidogo ndo adimu. Huhitaji hata lenzi. Weka 1889 yako kando ya 1887 na kando ya 1891, tazama nafasi iliyobaki kati ya kichwa na maandishi, macho yatakuambia inafanana na ipi.

11. Peni sita ya 1887 nasikia iliondolewa. Nimepata hela?

Hili ndo swali namba moja kwa wingi. Hadithi ni ya kweli. Peni sita ya kwanza ya jubilei ilikuwa na ngao nyuma na haikuandikwa thamani popote, upana wake milimita 19 sawa na nusu sovereni ya dhahabu, wajanja wakazipaka dhahabu wakawapa watu dirishani kama nusu sovereni. Peni sita inageuka shilingi kumi! Serikali ikaibadilisha mwaka huohuo, ikarudisha maneno SIX PENCE ndani ya shada.

Sasa sehemu inayouma: sarafu ikitangazwa kuwa inaondolewa watu wote wanaiweka ndani. Ndo maana leo zipo kibao, tena nzuri nzuri, na bei yake ni ya kawaida. Yenye thamani zaidi ni zile ambazo mhuri wake uligongwa V kwanza kwenye neno VICTORIA pale pa R, wakasahihisha. Angalia R kwa lenzi, kama kuna mguu wa mshazari usioelezeka unaotokeza basi endelea na vipimo vya swali la 8.

Na kumbuka 1887 ina peni sita tatu: ya msichana, ya ngao, ya shada. Ukiniuliza "ya 1887 shingapi" nitakuuliza ipi.

12. Zile zenye herufi zilizokosewa ni za kweli au stori za mtandaoni?

Za kweli, na ndo ninazozipenda kuliko zote maana unamwona kabisa fundi kachoka siku ya Ijumaa. Neno linaloonewa ni BRITANNIAR, kifupi cha Kilatini cha "za Britania". Peni sita ya 1878 ipo yenye DRITANNIAR. Peni tatu ya 1868 ipo yenye RRITANNIAR, na ya 1858 yenye BRITANNIAB, yani B imekwenda kukaa mwisho mahali pa R.

Tahadhari na hiyo D: B iliyochakaa au iliyojaa uchafu katikati inafanana na D sana. B ina kiuno upande wa kulia, mikunjo miwili inakutana katikati na kuingia ndani. D haina kiuno. Ukiona kiuno hata kidogo, sahau.

Kwenye vidogo hivi kuna na groti (peni nne) ya 1838 ambayo 8 ya mwisho imekaa juu ya 8 iliyolala chali, fundi aligonga patasi ubavu akashtuka akagonga tena. Na kuna kile kisarafu cha peni moja na nusu cha makoloni, cha 1843, ambacho 43 imekaa juu ya 34.

13. Florini: "asiye na Mungu", vijipinde, WW... nieleweshe.

Florini ya 1849 ilikuwa jaribio la kuanza hesabu za kumi kumi, imeandikwa kabisa kwamba ni sehemu moja ya kumi ya paundi. Upande wa kichwa wakaandika VICTORIA REGINA na mwaka tu, wakaacha D.G., "kwa neema ya Mungu". Watu wakachukia, wakaiita florini isiyo na Mungu. Aina zake ni mbili kwa WW: inayoonekana nyuma ya bega, na iliyofutwa na mstari wa duara unaopita juu yake.

Kuanzia 1851 ni za Kigothi, na hapo ndo kazi inaanza. Pembeni kuna mfululizo wa vijipinde vidogo ndani ya ukingo, na idadi yake ilibadilika kila walipotengeneza mchoro mama mpya. Zipo za 48, 42, 38, 34, 33 na 46. Miaka mingi haina haja ya kuhesabu. Ila 1877 mpaka 1879 imevurugika, vijipinde vinabadilika na WW mara ipo mara haipo, na 1887 ya Kigothi ipo ya vijipinde 33 na ya 46. Kuhesabu kwa jicho utapotea tu, piga picha, ichapishe kubwa, weka nukta ya kalamu kwenye kila kipinde. Nimejaribu njia zote na hii tu ndo inanipa jibu moja nikirudia mara mbili.

Ya 1881 ina kitu kizuri: patasi ya x ilivunjika, kwahiyo badala ya mdccclxxxi inasomeka kama mdccclxxri. Hiyo r ni x iliyokatika mguu.

14. Dabo florini?

Shilingi nne, 1887 hadi 1890 tu, kwasababu ilifanana mno na krauni ya shilingi tano na wahudumu wa baa wakawa wanarudisha chenji ya krauni. Ya 1887 ipo ambayo 1 ya mwaka imechorwa kama I ya Kirumi, ina miguu juu na chini, na ipo yenye 1 ya kawaida yenye kidomo juu. Za 1888 na 1889 kagua I ya pili ya VICTORIA: kwenye baadhi fundi alikosa I akatumia 1 akaigeuza juu chini, utaona chini yake haina miguu miwili iliyo sawa kama I ya kwanza. Linganisha hizo mbili ndani ya neno hilohilo, huhitaji sarafu nyingine.

15. Kwenye krauni watu wanaongelea LVI na LVII. Wanasoma wapi?

Ubavuni. Krauni za bibi mwenye shela, 1893 hadi 1900, zimeandikwa ukingoni DECUS ET TUTAMEN ANNO REGNI, "pambo na kinga, mwaka wa utawala", kisha namba ya mwaka wa utawala kwa Kirumi. Victoria alirithi kiti tarehe 20 Juni 1837, kwahiyo mwaka wake wa utawala unabadilika katikati ya mwaka wa kalenda, na kila mwaka wa sarafu unapata kingo mbili. 1893 ni LVI au LVII, 1894 ni LVII au LVIII, unaendelea hivo mpaka 1900 ambayo ni LXIII au LXIV. Kwa 1893 ile ya LVII ndo ngumu kidogo, kwa 1898 ni LXI.

Kitaalamu ukingo haupigwi na ile mihuri miwili, una pete yake, ila wakusanyaji wanaiweka kapu moja na aina za mihuri na mi siwezi kugombana nao. Krauni za zamani ni vilevile: ya 1844 kituo kati ya maneno ya ukingoni ni nyota kwenye baadhi na ua la petali tano kwenye nyingine. Krauni ya Kigothi ya 1847, iliyopigwa kama 8,000, ina UNDECIMO (mwaka wa 11) na ya 1853 ina SEPTIMO.

Krauni ya jubilei ya 1888 angalia mwaka: tarakimu zilizobanana ni za kawaida, zilizoachana zinatafutwa.

16. Nina nusu krauni ya 1861, mbona siioni kwenye katalogi?

Kwasababu nusu krauni za mzunguko (za matumizi ya kila siku) zilisimama baada ya 1850 zikarudi 1874. Walidhani florini itachukua nafasi yake. Nusu krauni za 1861 au 1868 zinazotokea ni feki za wakati uleule, za Victoria mwenyewe akiwa hai, mfeki hakujua kalenda. Zinakusanywa kwa raha zake ila sio adimu ya Royal Mint.

Za kweli za kutafuta ni 1839 ya mzunguko yenye WW iliyozama, 1841, na 1848 zenye 8 juu ya 6 au juu ya 7. Ya 1876 yenye 6 juu ya 5 ipo pia na sio ghali, nzuri kwa kujifunzia macho.

ZINAZOCHANGANYA

17. Herufi nzima imepotea kwenye sarafu yangu, ni aina mpya?

Mhuri ulijaa grisi na vumbi la chuma ndani ya herufi, fedha haikuingia. Inatokea, inatoka, sarafu mia mbele uchafu unadondoka herufi inarudi. Sio mhuri tofauti, ni mhuri mchafu, kwahiyo haihesabiki. Utaona herufi imefifia kama kivuli na jirani zake nazo dhaifu.

18. Maandishi yote yana kivuli upande mmoja.

Mhuri ulitikisika wakati wa kugonga ukaburuza fedha. Kivuli cha namna hiyo ni bapa kama ngazi, kipo chini kuliko herufi, na kinaelekea upande mmoja kwa herufi zote. Herufi iliyogongwa mara mbili kwenye mhuri ina umbo la mviringo juu zote mbili na kawaida ni herufi moja au mbili tu, sio neno zima.

19. Kuna mstari mwembamba ulioinuka kutoka ukingoni mpaka shingoni.

Ufa wa mhuri. Ni wa kweli, upo kwenye mhuri, na mwenzako mwenye ufa huohuo sarafu zenu zimetoka chuma kimoja. Bei hauongezi, ila kwa anayefuatilia mhuri upi ulifuata upi ni dhahabu.

20. Feki nazijuaje?

Uzito (swali la 7), sumaku (fedha haivutwi), na kwa krauni pima ndani ya maji: ining'inize kwa uzi kwenye kikombe cha maji kilicho juu ya mizani iliyoanzia sifuri bila kugusa chini, mizani isome karibu gramu 2.7. Ikisoma tatu na kitu hiyo ni chuma kingine. Krauni za Kigothi na florini ya 1849 ndo zinazoigwa sana.

Feki mbaya zaidi ni sarafu orijino iliyochokonolewa, mtu kachukua mwaka wa kawaida akachonga tarakimu iwe ya mwaka adimu. Hapo uzito hautakusaidia. Angalia uso wa fedha kuzunguka tarakimu, ukiwa na mikwaruzo midogo au mng'ao tofauti na sehemu nyingine, acha. Na mtego mwingine wa feki zilizomwagwa kwenye kalibu: kijidoti au jeraha lilelile kwenye sarafu tatu za wauzaji watatu. Nilisema kitu cha mhuri hurudia, sawa, ila jeraha la matumizi likijirudia ina maana zote zimenakiliwa kutoka sarafu moja.

21. Niisafishe nione vizuri?

Usithubutu. Majivu, dawa ya meno, ndimu, vyote hapana. Mabaki ya 6 chini ya 8 ni membamba kuliko unywele, ukisugua ndo ya kwanza kuondoka, na sarafu iliyosuguliwa hata ikiwa adimu wanunuzi wanaikunjia uso. Uchafu wa juu loweka maji safi, kausha kwa kugusisha kitambaa laini, usipanguse.

ZA HUKU KWETU

22. Mi niko pwani, sarafu ya Victoria niliyonayo imeandikwa ONE RUPEE. Hayo yote yananihusu?

Kanuni ndio, orodha hapana. Unguja, Mombasa na pwani yote wazee walitumia reale ya Maria Theresa na rupia ya Uhindi, kwahiyo Victoria wa kwenye mikoba ya bibi zetu kawaida ni wa rupia, gramu 11.66, fedha ya 917. Hadi 1876 ameandikwa VICTORIA QUEEN, kuanzia 1877 VICTORIA EMPRESS.

Na rupia ina vituko vyake. Ya 1840 ilipigwa miaka mingi na mwaka uleule 1840: kwanza tazama maandishi yanapita juu ya kichwa bila kukatika au yamegawanywa na kichwa, alafu hesabu matunda madogo kwenye shada la nyuma, idadi inatofautiana na wakusanyaji wanazitenganisha hivo. Ya 1862 nayo iliendelea kupigwa na 1862 kwa zaidi ya miaka kumi, kiwanda cha Bombay kikawa kinaongeza vidoti vidogo, kwahiyo vidoti karibu na mwaka usividhanie uchafu.

Ile ya Mombasa ya 1888 ya kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki sio ya Victoria kwa sura, ina jua lenye taji upande mmoja na mizani upande mwingine.

23. Shilingi ya zamani yenye simba ni ya Victoria?

Hapana, hiyo ni ya Afrika Mashariki, ilianza 1921 na kichwa ni cha mfalme George wa Tano, fedha ndani yake 250 tu kwa elfu. Jina la shilingi ndo limetoka kwa ile ya Kiingereza.

BEI NA UTHIBITISHO

24. Aina ikiwa adimu basi ni ghali?

Sio lazima, bei inataka watu wawili wanaoitaka. Mhuri namba fulani wa shilingi ya 1871 unaweza kuwa mgumu kupatikana kuliko florini ya 1849 na bado ukauzwa bei ya shilingi ya kawaida, kwasababu wanaokusanya kwa namba za mihuri ni wachache. Zinazopanda ni zile zilizopewa mstari wao kwenye katalogi kubwa na zinazoonekana bila kubishana: 1850 juu ya 49, 1889 kichwa kidogo, 1893 jubilei. Na hali ya sarafu inabeba kuliko vyote.

25. Nani anathibitisha?

Kampuni zinazofunga sarafu kwenye kasha la plastiki kama NGC na PCGS zinaweza kuandika aina kwenye lebo, ila mara nyingi lazima uiombe na uilipie, wasipoombwa aghalabu wanaandika mwaka tu. Kwa hiyo kuna aina nzuri zimefungwa humo na lebo ya kawaida, na wajanja wanazitafuta.

Kabla ya gharama hiyo muulize mkusanyaji mzoefu kwa picha: pande zote mbili nzima, picha ya karibu ya sehemu unayoishuku ikiwa na taa upande wa kushoto, nyingine taa upande wa kulia, na uzito. Taa mbili ni muhimu, maana kilichoinuka kivuli chake kinahama kinyume na cha kilichozama, na hapo mtu anakujibu ndani ya dakika mbili bila hata kuishika sarafu yako.